Usishuke Kabla Hujaitikiwa

Naikumbuka siku moja pale uwanja wa Utete, mwanangu Zuhura. Vijana walinibeba mabegani wakiimba jina langu, na huku nyuma, karibu na goli letu, baba yako alikuwa amelala chini ameshika goti. Mimi sikumwona. Nilikuwa natazama mbele, nawapungia watu mkono.

Kaa hapo kwenye mkeka umalize chai. Mama yako mdogo ameamka alfajiri kukupikia maandazi, na wewe unayageuzageuza tu kwenye sahani. Jana alasiri uliposhuka kwenye bodaboda hapa Kibiti ukaniamkia, nikakuuliza baba yako hajambo huko Mbwera, ukanijibu hajambo, anajua umekuja kunisalimia. Sawa. Lakini mtu anayekuja kusalimia hafungashi njumu na vikinga ugoko. Begi lilikuwa wazi, mwanangu, mimi sikupekua. Mzee hapekui, mzee anaona. Nilipokuuliza hukunificha, na kwa hilo nakushukuru: timu ya wanawake ya Dar es Salaam imekuita ukacheze beki, basi lako ni kesho asubuhi, na baba yako hajui lolote. Ukasema utampigia simu ukishafika. Neno nilikuwa nalo, ila nilitaka nilale nalo kwanza. Sasa nimeamka nalo.

Babu yako, yaani baba yetu, alikuwa beki. Baba yake naye alikuwa beki, enzi hizo wanacheza miguu mitupu. Mimi na baba yako tukawa mabeki, na hakuna aliyetuuliza kama tunapenda. Watu wa huko kwetu walituita akina Komeo, kwa kuwa mlango ukishatiwa komeo ndiyo basi tena. Nenda Ruaruke leo, umtafute mzee wa rika langu, umtajie akina Komeo. Atapandisha suruali akuonyeshe kovu la ugokoni, kisha atacheka, maana tuliumizana lakini hatukuwekeana chuki.

Ubeki huo hatukufundishwa na kocha. Kocha wetu wa kwanza alikuwa ndege. Mpunga ulipoanza kutoa masuke, nyumba nzima ilihamia shamba tukaishi juu ya madungu, vile vibanda vya miti vilivyoinuliwa juu ya maji na matope, tukawa tunaamia ndege, tunawafukuza kutwa. Wewe umewahi kulala kwenye dungu, sina haja ya kukueleza mbu. Kwelea wakitua kwenye mpunga ukiwa umesinzia, ukizinduka utavuna majani. Alfajiri ndege, mchana ngedere, na ukidhani umepumzika, nguruwe hao. Dungu langu lilikuwa upande wa mkondo, likafuata la baba yako, kisha la bibi yako.

Kulikuwa na sheria moja ambayo baba hakuwahi kuirudia mara mbili kwa mtu mmoja. Hakuna kushuka dungu kimya. Ukitaka kushuka, hata kama ni kwa haja ndogo, unaliita dungu la jirani: "Nashuka." Kisha unangoja. Jirani akiwa tayari kulinda kipande chake na chako, anaitika: "Shuka, nakuona." Akisema "Bakia," unabakia. Asipoitika, hushuki. Nimebanwa sana mimi juu ya madungu yale, mwanangu, wacha nikwambie ukweli, na baba yako alikuwa na mchezo wa kuchelewa kuitika makusudi.

Sheria hiyohiyo baba aliingia nayo uwanjani. Beki akitaka kupanda mbele, anamwita beki mwenzake kwa neno lilelile la shambani, na hapandi mpaka aitikiwe. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu, maana walimwona mtu anapanda kwenda kufunga goli huku anapiga kelele kwamba anashuka. Baba hakujali. Alisema goli ni mpunga, washambuliaji ni kwelea, kazi ni ileile na mishahara ni ileile, yaani hakuna. Tulikua hivyo. Baba yako kulia, mimi kushoto, na katikati yetu sauti tu.

Basi ile siku ya Utete ilikuwa fainali ya wilaya, sisi na Ikwiriri. Wiki moja kabla ilikuja barua kwamba kocha wa timu moja kubwa ya Dar es Salaam atafika kutazama, anatafuta beki mmoja. Barua ilitaja jina moja, nalo lilikuwa la Shabani, baba yako. La kwangu halikuwemo. Baba aliisoma kwa sauti baada ya kula, mama akapiga kigelegele, na mimi nikapiga makofi pamoja na wengine. Lakini moyoni, mwanangu, kilinikaa kijiba cha roho. Ndiyo, kwa kaka yangu wa tumbo moja, aliyenifundisha kuogelea. Nilikuwa na miaka kumi na tisa na niliona hakuna kazi ya kunyanyaswa duniani kama ubeki. Mfungaji akikosa mara tano akafunga mara moja, ataimbwa. Beki akizuia mara hamsini akateleza mara moja, ataulizwa amekula nini.

Kipindi cha pili tukapata kona. Nikamwita kaka, "Nashuka," akaitika bila hata kunitazama, "Shuka, nakuona." Nikapanda, mpira ukaja, nikaupiga kichwa, ukaingia. Lo. Uwanja mzima ukapasuka. Nilisikia jina langu, Athumani, likiimbwa na watu nisiowajua, na nilipotupa jicho kwa yule kocha, nikamwona anaandika. Utamu ule sikuwahi kuuonja. Nilirudi nafasini kwangu, lakini ni miguu tu iliyorudi.

Mechi ikawa inakaribia kwisha, tunaongoza goli moja. Katika hali hiyo hata mtoto wa madrasa anajua beki anakaa wapi. Mpira ukawa kwa winga wetu, na mbele yake mimi nikaliona pengo, nikajiona nafunga la pili, nikajiona ndani ya treni naelekea mji ambao hata treni yetu haifiki. Na hapa nisikilize vizuri, weka kikombe chini. Watu hudhani makosa makubwa yanatokana na kusahau. Mimi sikusahau kuita. Nilikumbuka kabisa. Nilifunga mdomo kwa makusudi, kwa sababu nilijua Shabani angesema "Bakia."

Nikaondoka kimya. Winga akapokonywa mpira, ukapigwa mrefu kurudi kwetu, na wachezaji wawili wa Ikwiriri wakawa wanakimbia kuelekea goli. Baba yako akamfuata yule wa kulia, wa kushoto akaniachia mimi, kama alivyofanya siku zote za maisha yetu. Alipogeuza shingo hakukuta mtu. Akakata kona kwa mguu mmoja kwenye mchanga mlaini, akajirusha, akaufikia mpira kwa ncha ya kidole cha mguu akautoa nje. Goli halikuingia. Lakini goti lilikuwa limeshakwenda. Refa akapuliza filimbi ya mwisho pale pale, vijana wakavamia uwanja, wakanikuta mimi nilikokuwa, kule mbele, wakaninyanyua. Kombe alililinda yeye, nikabebwa mimi.

Waliponishusha nikaona watu wamezunguka upande wa pili. Nikakimbia. Baba alikuwa amepiga magoti, ameshika mguu wa Shabani. Aliponiona aliniuliza jambo moja tu.

"Athumani, uliita?"

Nilitazama huku na huku. Nikasema, "Niliita, baba."

Baba yako alikuwa amelala, midomo imemkauka. Aliniangalia. Kisha akamgeukia baba akasema kwa utaratibu, "Huenda mimi sikusikia. Kelele zilikuwa nyingi."

Umeona hiyo? Goti limekatika, safari imempita, na bado ananilinda. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi ndiye sikusikia la mkuu, na guu lililovunjika likawa la mwingine. Afadhali lingekuwa langu, ningelala usingizi.

Hospitali ya Utete walisema atatembea, lakini mpira aage. Yule kocha akasema atanichukua mimi, nijiandae, niende baada ya mavuno. Watu wakanipongeza njia nzima. Tukahamia shamba, maana mpunga haungoji mgonjwa. Baba yako akakataa kuachwa nyumbani. Tulimpandisha dunguni kwake mimi na baba, mmoja anavuta, mmoja anasukuma, na yeye anatutania kwamba tunambeba kama gunia la chumvi. Akawa anaongea na mimi kama kawaida. Ananiambia nikifika Dar nisitembee nimeinua shingo natazama maghorofa, nitagongwa. Kila neno lake jema lilinichoma. Angenitukana ningepona.

Bibi yako, Mungu amrehemu, hakuwahi kuingia uwanjani hata siku moja. Alisema hawezi kukaa kutazama watoto wake wakipigwa mateke na watoto wa wenzake. Siku moja asubuhi aliniletea muhogo na samaki dunguni, akasimama chini kwenye ngazi, ameshika sahani, haniletei karibu.

"Mwanangu, mpira mimi siujui," alisema. "Lakini sauti yako naijua. Ukiita hapa, inafika kwangu, dungu la tatu. Na Shabani nimemzaa mimi. Ndege mmoja akitua mwisho wa shamba, anamsikia. Sasa nielezee, ilikuwaje siku ile mwenye sauti hiyo akamwita mwenye masikio hayo, asisikiwe?"

Hakungoja nijibu. Aliweka sahani kwenye kidato cha juu, akasema nile, samaki anapoa, akaenda zake na maji yanamfika magotini.

Samaki yule hakushuka. Nilimtazama akanitazama. Nikasema hapana, leo namwendea baba nimwambie. Baba alikuwa mwisho wa shamba anaziba tuta. Nikasimama, nikaita, "Nashuka."

Kimya.

Nikaita tena. Dungu la baba yako lilikuwa mbele yangu, nikimwona kabisa mgongo wake, amekaa na mguu ameunyoosha, anazungusha kombeo lake anatupa jiwe kule, ndege wanaruka. Hakugeuka. Nikadhani ndiyo mchezo wake ule wa zamani. Jua likapanda. Nikaita mara ya tatu, mara ya nne. Na mimi tangu alfajiri sijashuka, mwanangu, tumbo la chini limejaa, nimesimama mguu huu, nimesimama mguu ule. Ningeweza kushuka tu. Nani angenizuia, mtu mwenye goti moja? Nikaweka mguu kwenye kidato cha kwanza. Kisha nikaurudisha. Nilijua nikishuka kimya siku ile, nitakuwa mtu wa kushuka kimya mpaka naingia kaburini.

Ndipo ikanitoka. Sikuipanga. Niliita kwa sauti ileile inayofika dungu la tatu.

"Kaka, sikuita. Siku ile ya Utete sikuita. Nilijua utasema bakia. Kisha nikamdanganya baba."

Shamba lote lilisikia. Jirani zetu kwenye madungu yao walisikia, mama alisikia, na kule mwisho nikamwona baba ananyanyuka na udongo mikononi. Kwelea walikula walivyotaka dakika zile, hakuna aliyetupa jiwe. Baba yako aligeuka taratibu, akaushika mguu wake kwa mikono miwili akaugeuza nao. Machozi yalikuwa yanamtoka. Mimi nilikuwa nalia tangu zamani.

"Shuka," alisema. "Nakuona."

Nikashuka. Na kwa kuwa nimeahidi kukwambia kweli tupu, sikwenda kwa baba kwanza, nilikwenda kichakani. Kisha ndiyo nikamwendea. Nilimwambia siendi Dar, nafasi ile siyo yangu, naitupa. Baba alinawa mikono yake kwenye maji ya shamba, hakuniangalia, akasema aliyeumia si yeye, nikamuulize aliyeumia. Nikarudi chini ya dungu la Shabani, nikasimama kwenye ngazi, kama alivyosimama mama na sahani kwenye ngazi yangu.

Baba yako akaniambia, "Ukibaki, goti langu limekwenda bure. Nenda. Ila popote utakapocheza, ita."

Nilicheza Dar miaka kumi na moja. Mwezi wa kwanza wenzangu walinicheka kama walivyocheka watu wa kwetu, mtoto wa shamba anapiga kelele anashuka. Mwaka haukuisha kipa wetu akawa anaitika, "Shuka, nakuona," na yeye kwao ni Tabora, dungu hajawahi kuliona. Jina langu halikuimbwa tena. Baba yako alikuwa anasikiliza mechi redioni kule Mbwera, na mtangazaji hamtaji beki mpaka afanye upuuzi. Nikimpelekea salamu, alinijibu kwamba dakika tisini hakusikia jina langu hata mara moja, basi amejua nimecheza vizuri. Sifa kubwa kuliko hiyo sijapewa, na sitaki.

Sasa turudi kwako, binti Komeo. Ninajua kwa nini unaondoka kimya. Ulipoanguka mwaka jana kwenye mechi ya Ruaruke, baba yako hakuweza kutazama. Alitoka uwanjani, akaenda kukaa kwenye mtumbwi kule chini, akawa anangoja mtu aje amwambie kama umeinuka. Mimi ndiye niliyemfuata. Nilimkuta ameshika goti lake mwenyewe. Unaogopa atasema bakia. Huenda akasema. Haki hiyo anayo, ameinunua ghali kuliko mimi na wewe.

Lakini mwanangu, jibu unaloliogopa halibadiliki kwa sababu hukuliuliza. Linakungoja tu, na siku ya kulikuta linakuwa na uchungu zaidi, maana limechanganyika na uongo wako. Akisema bakia, sikwambii kwamba ndoto yako imekufa. Muulize kwa nini. Mwambie unavyoona. Kama hapo hamjaelewana, nami nipo, nitapanda boti ya Mbwera kesho badala yako, niende nikakae naye, tuzungumze kaka na mdogo wake. Timu inaweza kungoja siku tatu. Na kama haiwezi kumngoja baba yako siku tatu, goti lako likiuma itakungoja siku ngapi?

Nakuusia hivi, na uwausie wanao ukijaaliwa. Panda mbele uwezavyo, dunia ni yenu, sisi tumeshakula chumvi ya kutosha. Lakini usiondoke nafasini kwako kimya. Nyuma yako kila siku kuna mtu anayegeuza shingo akijua upo, na yeye ndiye atakayeanguka ukiwa haupo. Ukijikuta unafunga mdomo kwa kuogopa jibu, ujue jibu umeshalipata. Na ukikosea, maana utakosea, wewe ni damu yetu, usimwache anayekupenda akudanganyie. Sema mwenyewe, hata kama shamba lote linasikia.

Mola akupe miguu imara na mdomo usio na woga. Akulinde na jeraha na akulinde na sifa, maana vyote viwili vinaangusha. Baba yako aishi akuone, na redio zote za nchi hii zisahau jina lako dakika tisini. Amina.

Haya, simu yangu hii hapa. Mbwera mtandao unasumbua asubuhi, ikikatika piga tena, usikimbilie kusema hakupokea. Usianze na salamu ndefu, wala usimweleze habari ya basi kwanza. Mwambie lile neno moja la shambani, atajua. Inaita hiyo. Basi, mwanangu, nyamaza sasa, ngoja aitike.